Kabla Hujatia Maji: Kutunza Nguo za Kale Kando ya Ziwa

Akina mama na akina baba, walimu, mafundi wa cherehani, na ninyi mnaoshika funguo za makabati ya makanisa na vyumba vya makumbusho hapa Kisumu na kaunti jirani, hamjambo. Tumeombwa tuzungumze juu ya kuhifadhi na kukarabati nguo za kale. Tunajua wengi mmekuja na swali moja: doa litolewe kwa dawa gani? Tutalifikia. Ila nguo nyingi za zamani haziharibiwi na doa. Huharibiwa na mtu mwenye nia njema aliyezifua, akazianika, akazipiga pasi, kisha akazikunja na kuziweka ndani ya mfuko wa plastiki.

Tukisema nguo za kale hatumaanishi hariri za wafalme wa mbali. Tunamaanisha leso za nyanya zako, bango la chama cha akina mama lililoshonwa kwa mkono, bendera iliyopandishwa Desemba 1963, sare ya mzee aliyetumikia King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, kanzu nyeupe za makanisa ya Roho, mavazi ya madhabahuni, mbugu, nguo ya gome la mti, iliyovushwa mpaka kutoka Uganda. Hata kitambaa cha pamba kilichotoka Kicomi, kiwanda cha nguo cha hapa Kisumu, sasa ni cha kuhifadhiwa. Kiwanda kile kilifungwa miaka ya 1990, na ukiwa na kipande kinachojulikana kwa hakika kwamba kilifumwa hapa mjini, usikikate kutengeneza foronya.

Tuanze na jua, maana ndilo tunalolitegemea kwa kila kitu. Nguo ina harufu, inaanikwa. Ina wadudu, inaanikwa. Makumbusho hupima mwanga kwa kipimo kiitwacho laksi, na kwa nguo kiwango kinachokubalika ni laksi 50. Huo ni mwanga hafifu, mgeni huhitaji dakika chache macho yake yazoee. Jua la saa sita mchana hapa kwetu, karibu kabisa na ikweta, hufika laksi 100,000. Sasa piga hesabu. Nguo iliyo kwenye maonyesho kwa laksi 50, saa nane kwa siku, hupokea laksi 400 za saa kila siku. Itachukua siku 250 kufikia kile ambacho kamba ya kuanikia inakitoa kwa saa moja. Na hapo hatujahesabu miale ya urujuanimno, ambayo jua linayo tele na taa nzuri ya maonyesho haina.

Madhara ya mwanga hujumlishwa. Ukiitoa nguo juani leo na kuifungia gizani mwaka mzima, rangi iliyovunjika hairudi. Na si rangi pekee, nyuzi zenyewe hukatika ndani kwa ndani. Hariri ndiyo ya kwanza kwenda, na baadhi ya hariri za mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 zilitiwa chumvi za bati kiwandani ili ziwe nzito mkononi. Hizo hupasuka zenyewe katika mistari iliyonyooka, hata bila kuguswa. Ukikuta vazi la padri la zamani limepasuka hivyo kwenye bitana, usimlaumu aliyelikunja mwisho.

Kwa hiyo, nguo ya kale hupunga hewa kivulini, ndani ya chumba, ikiwa imelazwa. Dirisha liwe na pazia zito. Taa za mirija mirefu ya zamani hutoa urujuanimno, kwa hiyo zibadilishwe ziwekwe za LED. Kitu kikining'inizwa ukutani, kikae miezi mitatu kisha kipumzike. Anayetaka kujua mwanga wa chumba chake una ukali gani achukue kipande cha leso mpya nyekundu kisicho na thamani, afunike nusu yake kwa karatasi ya foili, akiweke pale pale penye nguo, na akikague baada ya miezi. Akiona mstari kati ya nusu mbili, ana jibu.

Jambo la pili ni unyevu, na hapa ziwa halitusaidii. Ukungu hushika pale unyevu wa hewa unapopita asilimia 65 na kubaki hapo. Tunapendelea asilimia 45 hadi 55, lakini tusidanganyane: katika jengo lisilo na mitambo, miezi ya mvua za masika, hutaipata. Linalowezekana ni kuzuia kupanda na kushuka kwa ghafla. Nunua kipimo kidogo cha unyevu na ukisome asubuhi na alasiri kwa majuma kadhaa kabla ya kuamua kabati likae wapi. Kabati lisikae kwenye ukuta wa nje. Liachane na ukuta kwa upana wa kiganja, liinuliwe sentimita 15 kutoka sakafuni, maana sakafu ya simiti hutoa maji alfajiri. Chini ya bati lisilo na dari usiweke chochote, hata kama nafasi ni nyingi.

Sanduku la bati, lile la wanafunzi wa bweni, ni zuri kuliko watu wanavyolidhania. Mbao mbichi, na hasa mbao za kubandika kwa gundi, hutoa mvuke wa asidi unaounguza pamba polepole. Bati lililopakwa rangi vizuri halitoi, na mchwa halitoboi. Hatari yake ni kutu na matone ya maji yanayojikusanya upande wa ndani wa kifuniko usiku wa baridi. Lifunike lote ndani kwa tabaka mbili za marekani, kile kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, iliyofuliwa. Tunasisitiza iliyofuliwa: marekani mpya imejaa wanga wa kiwandani, na wanga ni chakula cha wadudu. Ichemshe mara mbili kwa sabuni kidogo, isuuze mpaka maji yawe meupe, bila dawa ya kulainisha nguo.

Wadudu sasa. Nondo wa nguo hula sufu, manyoya, hariri na nywele. Pamba safi haimvutii, lakini pamba yenye jasho au mafuta ya chakula ataionja. Mende na wale wadudu wembamba wa rangi ya fedha, wanaokimbia ukifungua kitabu cha zamani, hufuata wanga. Yupo na yule mdudu mdogo wa mviringo mwenye mabaka, mkubwa kama kichwa cha kibiriti au chini ya hapo, ambaye kiluwiluwi wake mwenye vinyweleo ndiye mharibifu hasa. Huyu ana uhusiano na ziwa letu. Wale nzi wadogo wa ziwani wanaokuja kwa mawingu jioni na kufa kwa maelfu chini ya taa na kwenye vizingiti vya madirisha, mizoga yao ni chakula chake. Anazaliana dirishani, akiishiwa anahamia kabatini. Kufagia vizingiti kila asubuhi kunaokoa sufu nyingi kuliko dawa yoyote.

Vidonge vyeupe vya naftalini hatuvishauri. Mvuke wake si mzuri kwa anayelala chumba kile, hubaki kwenye nguo, na ili uue lazima nafasi iwe imezibwa kabisa, jambo ambalo kabati la nyumbani haliwezi. Majani ya mwarobaini hutia doa yakiguswa na unyevu, nasi hatuyategemei. Linalofanya kazi ni friza. Funga nguo katika karatasi laini au marekani, itie ndani ya mfuko wa polithini, ukandamize hewa itoke, uzibe kwa utepe. Friza ya nyumbani ikiwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, iache humo wiki mbili kamili. Umeme ukikatika siku nzima, anza kuhesabu upya. Ukiitoa, usifungue mfuko kwa saa 24, kwa sababu mvuke wa chumba utagandia kwenye nguo baridi badala ya kugandia nje ya plastiki. Mabango yaliyochorwa kwa rangi ya mafuta yasiingie friza, rangi hupasuka. Kadhalika mavazi yenye pembe za ndovu au meno ya kiboko.

Tahadhari moja kwa walio na mikusanyo ya zamani: nguo na manyoya yaliyowahi kukaa makumbusho au shuleni yanaweza kuwa na DDT au aseniki, dawa za enzi zile. Ukiona unga mweupe kwenye mishono, vaa glavu za mpira na barakoa, na watoto wasiguse.

Haya, kufua. Swali la kwanza si vipi bali kwa nini. Damu kwenye sare, masizi kwenye bendera, jasho kwenye kola ya kanzu ya mwanzilishi wa kanisa, hayo ni ushahidi, na ukiyatoa umefuta maandishi. Leso ya kale ambayo haijawahi kuvaliwa, bado ina ugumu wa dukani, usiifue hata kidogo. Itie friza kwanza, kisha ihifadhi na ugumu wake. Na ukipata pea ambayo haijakatwa, vipande viwili vikiwa bado vimeungana, tafadhali mkasi ukae mbali. Pea nzima ya namna hiyo ni adimu, na hakuna mshono utakaoirudisha.

Ipo sababu moja inayotufanya tufue: uchafu wenyewe unaila nguo. Vumbi lenye asidi, jasho, soda iliyomwagika miaka ishirini iliyopita ambayo haikuonekana siku ile na leo imekuwa kahawia. Hata hivyo tunaanza na ukavu. Chukua mashine ya kunyonya vumbi yenye nguvu inayoweza kupunguzwa, ipunguze mpaka mwisho, kisha weka kati yake na nguo neti laini iliyobanwa kwenye fremu, kingo zake zimefunikwa kwa utepe ili zisikwaruze. Chandarua kinafaa, ila kiwe kile kisichotiwa dawa ya mbu. Inua na ushushe mdomo wa mashine, usiuburute. Pande zote mbili. Mara nyingi kazi huishia hapo, na nguo huonekana imeoshwa.

Kama lazima maji, jaribu rangi kwanza. Kila rangi, mbele na nyuma, na nyuzi za kudarizi pia, kwa maana fundi alinunua uzi mwekundu duka moja na mweusi jingine. Tone moja la maji, liache dakika tano, kandamiza karatasi nyeupe ya kunyonya kwa kioo kidogo. Rudia kwa maji yenye sabuni ile utakayotumia. Doa hata la waridi hafifu kwenye karatasi ni jibu la hapana. Nyekundu na nyeusi za leso za zamani hukosa mtihani huu mara nyingi.

Sabuni ya kipande tunayoipenda ina magadi, na magadi hulegeza sufu na hariri. Sabuni ya unga ina mambo mawili ya ziada: dawa ya kung'arisha inayobaki kwenye uzi na kubadilisha rangi yake, na vimeng'enya vilivyotengenezwa kula doa la damu na yai. Hariri na sufu ni protini kama damu, kwa hiyo navyo huzila. Jiki huyeyusha sufu na hariri kabisa. Pamba haiyeyuki siku hiyo, inakatika baadaye, na mtu hulaumu pamba. Tumia sabuni safi ya maabara isiyo na rangi wala manukato, nusu gramu kwa lita moja ya maji. Nusu gramu inaonekana haitoshi. Inatosha.

Nguo haiwekwi kwenye beseni. Tengeneza trei: mbao nne juu ya meza au sakafu tambarare, upana mita 1.2 na urefu mita 1.7 kwa leso moja, tandaza polithini nzito isiyo na tundu. Maji ya kina cha sentimita tano ndani ya trei hiyo ni takriban lita 100, kwa hiyo gramu 50 za sabuni. Maji yawe baridi au vuguvugu kidogo. Maji ya kisima yenye chuma yaepukwe kabisa: chuma huacha doa la kutu, na zaidi ya doa huharakisha pamba kuoza. Ndiyo maana pia pini na stepla hutolewa kabla ya kitu kingine chochote, na ndiyo maana katika nguo za kale nyuzi nyeusi na kahawia zilizotiwa rangi ya chuma huanguka zenyewe huku nyeupe ya jirani ikiwa imara.

Laza nguo juu ya neti, kisha neti na nguo vishuke majini pamoja. Kila unapoinua unainua neti, kamwe si nguo. Pamba nzima ikilowa huwa na nguvu kuliko ikiwa kavu, lakini hariri, sufu na hasa reyoni hudhoofika, na reyoni hupoteza karibu nusu ya nguvu yake. Kandamiza kwa sponji wima, juu chini, bila kusugua, dakika 15 au 20. Mwaga, suuza mara nne au tano mpaka povu liishe, na ya mwisho iwe kwa maji yaliyochujwa chumvi. Kukausha ndiko kunakoshinda wengi. Maji yanapokauka polepole hubeba uchafu hadi ukingoni na kuacha mstari wa kahawia, na rangi iliyovumilia majini huanza kutoka nguo ikiwa mbichi na imekunjika. Kwa hiyo nyonya maji kwa taulo nyeupe, tandaza juu ya polithini, nyoosha mtande na mshindio, yaani nyuzi za urefu na za upana, kwa vidole mpaka viwe na pembe mraba, washa feni ya hewa baridi. Imalizike kwa saa chache. Ukiinyoosha vizuri ikiwa mbichi, haitahitaji pasi, na pasi ndiyo inayofungia doa lililobaki lisitoke tena.

Mavazi yenye nyuzi za fedha au dhahabu hayafuliwi. Mbugu haifuliwi pia. Hiyo si nguo iliyofumwa, ni gome la mutuba lililogongwa, haina mtande wala mshindio, na kila tundu la sindano ni mwanzo wa mpasuko. Huzibwa kwa kipande cha karatasi nyembamba ya nyuzi ndefu na uji mwepesi wa wanga wa ngano, upande wa nyuma. Ufundi wa kuitengeneza ule wa Buganda ulitambuliwa na UNESCO mwaka 2005, kwa hiyo atakayekuambia ni gome tu, mwache apite.

Tuje kwa mafundi wa sindano, maana hapa ndipo ustadi wenu unapohitajika na ndipo mazoea yenu yanapokuwa hatari. Fundi mzuri wa cherehani hushona ili isifumuke. Sisi tunashona ili ifumuke kabla ya nguo kuchanika. Uzi wa ukarabati lazima uwe dhaifu kuliko kitambaa. Mvutano ukija, uzi ukatike. Uzi wa kawaida wa cherehani ni mzito mno na utaikata pamba ya miaka sitini. Toa uzi mmoja mmoja kutoka kitambaa chepesi cha polista au hariri nyembamba, huo unatosha. Sindano ya mkono namba 10 au 12. Kumbukeni sindano za mkono namba ikipanda unene unashuka, kinyume cha zile za mashine.

Tundu halivutwi kingo zikutane. Chini yake huwekwa kitambaa cha kuegemeza, chepesi kuliko nguo yenyewe au sawa nayo, kilichofuliwa kikaisha kurudi, kilichotiwa rangi inayokaribia na kusuuzwa mpaka maji yasibadilike. Kipite ukingo wa tundu kwa sentimita mbili au tatu hadi penye uzima, na mtande wake ulale sambamba na mtande wa nguo. Ukikipinda, baada ya msimu mmoja wa mvua nguo itavutwa mshazari. Nyuzi zilizolegea zipangwe kwa koleo na kubanwa kwa vipande vidogo vya kioo vilivyosagwa kingo. Kisha laza uzi mrefu juu ya sehemu dhaifu, sentimita mbili au tatu, na huo ushikizwe kwa vishono vidogo vya kukatiza kila milimita nne au tano. Mstari unaofuata uwe milimita tano pembeni. Sindano ipite kati ya nyuzi, isitoboe uzi. Usivute. Mshono ukiacha kishimo, umevuta.

Msiegemeze nguo nzima kwa sababu sehemu moja imechanika. Bendera maarufu ya Marekani, ile ya vita vya 1814 iliyoko katika makumbusho ya Smithsonian, mwaka 1914 Amelia Fowler na washonaji wake waliishikiza kwenye kitani kwa vishono vipatavyo milioni 1.7. Ilisaidia kwa miongo mingi. Lakini kazi ya kuihifadhi upya ilipoanza mwaka 1998, wahifadhi walilazimika kuvikata vishono hivyo na kukitoa kitani, wakaweka kitambaa chepesi badala yake. Walichukua muda mrefu, ila waliweza, kwa sababu ilikuwa sindano. Ingekuwa gundi, au kile kitambaa cha kugandisha kwa pasi mnachotia kwenye kola, wasingeweza. Selotepu nayo ni hivyo hivyo: gundi yake huzama kwenye nyuzi, hugeuka kahawia, na plastiki ya juu ikibanduka, gundi inabaki ngumu kama ganda.

Kuhifadhi ni rahisi zaidi. Kikubwa kama bango au zulia kiviringishwe, si kukunjwa, juu ya mrija wa sentimita 10 au zaidi. Mrija wa karatasi una asidi na bomba la maji la PVC hutoa mvuke mbaya, kwa hiyo wowote utakaotumia uvishe foili kwanza, halafu marekani. Upande mzuri utazame nje, katikati pita karatasi isiyo na asidi, funga kwa utepe mpana wa pamba, si kamba wala raba. Raba ina salfa, na fedha hugeuka nyeusi. Leso na kanzu zinaweza kukunjwa mradi kila kunjo lijazwe karatasi iliyofinyangwa ili lisilale, na mara moja kwa mwaka zikunjwe mahali pengine. Magazeti yasiguse nguo.

Kama utaonyesha, usitumie pini wala vibanio. Shona utepe mpana wa pamba sentimita tano kwenye ukingo wa juu wa kitambaa imara, juu ya utepe shona velkro laini, na velkro ngumu ipigwe stepla kwenye ubao ukutani. Uzito hugawanyika sawasawa, na siku ya moto unaivuta nguo nzima kwa mkono mmoja. Kitambaa dhaifu kilazwe kwenye ubao ulioinamishwa kidogo, uliotandikwa pamba na kufunikwa marekani. Kioo kisiguse nguo.

Na kila kitu kiandikwe kabla hakijaguswa: picha ya mbele, ya nyuma, ya kila tundu pamoja na rula, nani aliivaa, wapi, nani aliishona, ilifuliwaje. Namba iandikwe kwenye kipande cha utepe wa pamba kwa kalamu ya wino usiochujuka, ukauke, kisha ushikizwe ncha mbili kwa vishono viwili vya uzi mwembamba kwenye kona ya upindo, upande wa nyuma. Kalamu ya kawaida ya bolpeni hutiririka ikilowa. Aliye na leso au bango hapa leo, meza iliyo upande wa dirisha ina karatasi za kupimia rangi na maji safi. Tutaanza na mtihani wa tone.